Asali kwenye ufizi wa Neema

Cheyo, Jumanne

Mama mkwe tena! Nimemkuta anachovya kidole kwenye asali aliyotoka nayo Sikonge, anampaka Neema kwenye ufizi ili alale. Mtoto ana meno manne tu, na moja limeshaanza kupata doa la kahawia. Naogopa.

Nikamwambia, "Mama, nesi amekataza. Usiku tumfute meno kwa kitambaa chenye maji, basi."

"Mama Neema, meno ya utoto si yatang'oka tu? Mume wako nilimlea kwa asali hii hii. Ana shida gani?"

Sote tukamgeukia mume wangu.

Alikuwa anatafunia nyama upande wa kulia, maana wa kushoto hauna gego hata moja. Akaacha kutafuna. Akainuka, akaenda kulowesha kitambaa.