Mrija wa Osukuku

Uingereza, 3 Machi 2024

Baba,
Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi tu. Hapa makumbusho tumefungua kabati la zamani, nikakuta mrija mrefu wa kunywea pombe ya busaa. Umeandikwa "Osukuku, Malaba." Ni wa baba yako! Tuko na mtandao wa watunzaji wa makumbusho, tunafundishana kutunza vitu vya watu kwa heshima na kutafuta wenyewe. Nimewaambia mwenyewe yuko. Unautaka?
Binti yako, Maurine

Malaba, 25 Machi 2024

Maurine binti yangu,
Kwa neema ya Mungu naamka, mguu ukipenda. Nautaka sana. Wazee tuliozunguka chungu cha busaa wameisha. Emukule tumemzika juzi, nimebaki na Okurut, naye haoni tena. Ulete. Magdaline jirani atanipikia busaa, niuweke mdomoni pale baba alipoweka mdomo wake.
Baba yako, Oriokot

Uingereza, 11 Juni 2024

Baba,
Hujambo? Nisamehe kwa kukawia, nilikuwa nangoja majibu ya maabara. Zamani hapa makumbusho vitu kama huu mrija vilipakwa dawa ya kuua wadudu. Ni sumu, na haitoki. Ukiunywea mrija huo unaweza kufa. Kwenye mtandao wengine walisema usirudishwe. Mmoja akasema urudi, lakini mzee asiambiwe yote. Nilikataa. Mrija ni wako, na ukweli wake ni wako. Utakuja ndani ya sanduku la kioo. Bado unautaka?
Binti yako, Maurine

Uingereza, 19 Agosti 2024

Baba, simu yako haipiti. Mzima wewe? Niandikie hata neno moja.
Maurine

Malaba, 2 Novemba 2024

Binti yangu,
Niko. Nilikasirika, sikutaka kuongea na mtu. Wachukue kitu cha baba, halafu wakitie sumu!
Lakini bado nilikitaka, na sasa kimefika. Mwenzenu wa mtandao, Bridgit, alikileta kutoka Nairobi. Nilimshika Okurut mkono nikaupitisha juu ya kioo. "Ni mrefu," akasema. Tukanywa kwa mirija yetu ya kila siku, wawili tu, hadi akasinzia.
Nilimwuliza Bridgit, "Maurine huko anakula na nani?"
Akasema, "Mzee, sijui. Tunaonana kwa kompyuta tu."
Mambo ya sumu uliniambia ukijua yataniuma. Niambie na hili.
Baba yako, Oriokot

Uingereza, 14 Novemba 2024

Peke yangu, Baba. Hata leo nimekula nimesimama jikoni. Desemba nakuja nyumbani.
Maurine wako