Nimevalishwa Medali ya Mbunifu Bora, Mbona Napita Vichochoroni?

Mpendwa Lalla Batoul,

Kabla sijakuomba msaada ujue kwanza unaongea na nani. Hapa Erfoud hakuna kijana wa miaka kumi na saba anayenifikia kwa ulimi, na nikisema Erfoud najishusha, weka jangwa lote la Moroko mpaka mpakani. Nilimuuzia Mjerumani mmoja kokoto niliyoiokota nyuma ya choo cha mjomba wangu, nikamwambia ni jicho la samaki wa kabla ya gharika ya Nuhu, na kesho yake akarudi na mkewe kunishukuru. Lugha ninazo saba na hakuna hata moja niliyofundishwa darasani, maana darasa niliachana nalo mapema, lilikuwa linanichelewesha. Kihispania nilikiokota kwenye mabasi ya watalii, Kiitaliano kwa kubishana bei, na Kiingereza nakiongea kama nilinyonyeshwa nacho. Kazi yangu ni kung'arisha visukuku, yale mawe yenye wadudu wa zamani ndani, na kuviuza kwenye karakana ya mjomba. Basi mtu kama huyo, Lalla, siku hizi akienda msikitini anapita vichochoroni, nyuma ya banda la punda, ili asionane na mzee mmoja. Naomba msaada wako.

Ilikuwa hivi. Nyumba ya Vijana ya hapa ina klabu ya roboti, mwalimu wetu anaitwa Bouazza, na mwaka huu tulikuwa wanne lakini wa kusemwa ni wawili, mimi na Itto. Itto ni binti wa Mzee Haddou, mchimba khettara, ile mifereji ya chini ya ardhi inayoleta maji mitendeni. Mimi niliingia klabu kwa sababu walikuwa na feni, nasema ukweli. Itto aliingia na daftari. Msichana huyo haongei, ukimsalimia asubuhi jibu utalipata adhuhuri, na akiongea ni Kiamazighi au Kiarabu chetu cha nyumbani, basi, Kifaransa anakisoma ila kikifika mdomoni kinakwama. Lakini mikono! Alibuni roboti ya kuingia kwenye khettara kutazama palipobomoka, ili watu wasiingie wenyewe wakafukiwa. Sisi wote tulitaka magurudumu, yeye akasema hapana, chini ni tope na tope halina urafiki, roboti ishike kuta. Akaipa miguu sita ya kusukuma kuta huku na huku, na mguu wa kwanza aliukunja kutoka kwenye waya wa mwavuli. Nikamcheka.

"Itto, hiyo ni roboti au buibui aliyemeza mwavuli?"

"Wewe ng'arisha kokoto zako," akasema. "Buibui hajawahi kuzama kwenye tope."

Tukaiita Buibui. Mchango wangu nao usiudharau, nilikata bati la mgongo nikalipiga msasa mpaka ukilitazama unajiona meno.

Machi tukaenda Casablanca kwenye shindano. Kila mwaka watu hulalamika kwamba zawadi zinakwenda kwa watoto wa wakubwa, jaji ni binamu wa mwalimu, mwalimu ni shemeji wa jaji, basi mwaka huu waandaaji wakatangaza kwamba wamekomesha, wameleta majaji wa ng'ambo watupu wasiomjua mtu. Tukapiga makofi. Uwanja ulikuwa bomba kubwa la saruji lililomwagwa tope, na zile roboti za shule za kulipia, zenye magurudumu ya kuagizwa, zikazama moja baada ya nyingine. Buibui wetu akapita ananing'inia kutani kama yuko kwao.

Baada ya hapo yakaja mahojiano. Majaji watatu, Kiingereza kitupu, na mkalimani wa shindano mmoja kwa vyumba vinne, naye yuko chumba cha nne. Walimu hawaruhusiwi kuingia, na wenzetu wawili walikuwa wanaosha tope. Mwalimu Bouazza akanishika bega pale mlangoni, akasema, "Zuheir, huo ulimi wako wa kuuzia kokoto, leo ufanye kazi ya halali."

Tukaingia mimi na Itto. Jaji mmoja, mama aliyeweka miwani juu ya nywele, akamuuliza Itto, hili wazo la kushika kuta limetoka kwa nani? Nikamtafsiria. Itto, yule asiyeongea, siku hiyo akafunguka kama bomba lililopasuka, akamtaja babake, akataja taa, akataja mvua ya mwaka gani sijui, mpaka machozi yakamlenga. Jibu refu. Mimi nikafupisha, mkalimani mzuri hufupisha. Jaji akaandika. Jioni wakasoma matokeo, timu yetu imekuwa ya pili, na Medali ya Mbunifu Bora, pamoja na nafasi ya wiki sita za kiangazi kwenye karakana kubwa ya roboti huko Ureno, ikaenda kwa Zuheir wa Erfoud.

Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje, umkatalie mgeni mbele ya kipaza sauti? Nikainamisha shingo nikavalishwa.

Kwenye basi la kurudi Itto alikaa dirishani, akanigeukia tulipofika Midelt.

"Walinisikia?" akaniuliza.

"Walikusikia."

"Vizuri," akasema, akageukia dirisha.

Nyumbani nikapokewa kwa ngoma za bendiri na vigelegele, mjomba akaitundika picha yangu juu ya visukuku. Itto hajarudi klabu. Anachambua tende kwenye banda la kufungashia, na daftari lake amempa mdogo wake achore punda. Mwalimu Bouazza alimfuata, akajibiwa hivi: "Zamani nilidhani wanapendelea, mwalimu. Hawa hawana binamu hapa. Wamenisikiliza, wamenipima, sikufika."

Halafu akaja Mzee Haddou karakanani na kikapu cha tende. Nikajua kumekucha. Kumbe hapana.

"Sikuja kulalamika, mwanangu," akasema. "Hukumu ni hukumu, na hongera zako. Ila wewe ulikuwemo mle chumbani. Niambie binti yangu alikosea wapi, ili mwakani arekebishe."

Na ulimi huu, Lalla, ulimi wa lugha saba, ukamwambia, "Anaongea akiangalia chini, mzee. Majaji hawapendi." Akanishika kichwa, akaniombea dua. Tende zake bado zipo, sijala hata moja, na mjomba ananiuliza kama zina sumu.

Fomu ya Ureno inatakiwa mwisho wa mwezi. Niende, au nimwachie Itto nafasi niwe muungwana? Na kosa ni langu kweli, au ni la majaji? Kwani mimi ndiye niliyeshika kalamu? Jibu upesi, na usinisute sana, chini ya maneno haya yote nina moyo laini. Jina langu liandike wazi gazetini, wananijua.

Zuheir, bingwa wa lugha saba, Erfoud

*

Zuheir mwanangu,

Mimi lugha ninazo mbili tu, lakini masikio yangu ni mazima. Barua yako ina kelele kuliko soko la Jumapili la Rissani, na katikati ya kelele zote kuna mahali pamoja umenyata. Umeniambia jaji aliuliza nini. Umeniambia mpaka miwani yake ilikaa wapi. Umeniambia jina gani lilisomwa. Hapo kati umeweka neno moja, "nikafupisha", ukalipita mbio kama unavyompita Mzee Haddou. Mwanangu, hakuna ufupisho duniani unaogeuza "baba yangu" kuwa "Zuheir". Mficha uchi hazai, na wewe umekuja kwa mkunga umevaa kanzu saba.

Waandaaji nao wana lao, sitawaficha. Haki wameileta kwa ndege kutoka mbali, kisha mdomo wa msichana wakauacha mikononi mwa kijana anayeuza kokoto za chooni, naye mwenyewe ni mshindani. Hilo nitawaandikia kwa mkono wangu. Lakini usijibanze nyuma yao. Wao waliacha mlango wazi. Aliyeingia ana jina, na ameniomba niliandike wazi.

Unadhani ulichukua medali. Medali ni bati tu, na bati unalijua kuling'arisha. Ulichomchukulia Itto ni kusikilizwa. Anaamini alipimwa akapungua, kumbe mpaka leo hajapimwa na mtu yeyote. Halafu babake akakujia kwa adabu, na wewe ukamtungia kosa ampelekee mwanawe nyumbani kama zawadi. Nilipofika hapo nilitafuta kandambili yangu.

Hata hivyo sikukati tamaa. Asiye na haya angezila zile tende.

Sasa sikiliza. Usianze na Ureno. Wala usianze na kuomba radhi, maana nakujua, radhi nayo utaiuza kama jicho la samaki. Kazi yako ya ukalimani haijaisha. Nenda kwao mchana, kwa barabara kubwa, medali iwe mkononi na si shingoni, uwakute binti na baba pamoja. Umtafsirie Itto yale uliyomwambia jaji kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, bila kupunguza, bila mzaha. Ukimaliza, nyamaza. Watakalosema ni lao. Yale maneno ya kuangalia chini uyafute mbele ya mzee. Kisha wewe na Mwalimu Bouazza muwaandikie waandaaji, Itto aulizwe upya mbele ya mkalimani asiye wa kwenu. Fomu usiiguse, na neno "nimwachie" nisilisikie tena. Huwezi kumrudishia mtu kilicho chake ukaitwa mkarimu.

Ukishafanya, niandikie. Safari hii usifupishe.

Lalla Batoul

*

Lalla Batoul,

Nimekwenda. Mchana, barabara kubwa, watu wawili wamenipongeza njiani na nikatamani ardhi inimeze. Barua kwa waandaaji imetumwa, Mwalimu Bouazza aliisaini bila kuniangalia, bado hawajajibu. Picha juu ya visukuku nimeitoa. Itto amesema kama hili litachapishwa jina lake liandikwe kamili na la babake liandikwe, basi andika: Itto binti Haddou, aliyebuni Buibui.

Mzee Haddou alikuwa anasuka kamba uani. Itto ndiyo kwanza alikuwa ametoka bandani, mikono inanata tende, hakunawa, alisimama tu. Nikamwambia mzee kwanza kwamba binti yake hakuangalia chini. Alimtazama jaji usoni muda wote.

Kisha nikaanza na aliyoyasema yeye, maana nayakumbuka yote, ndiyo taabu ya kuwa na kichwa kama changu. Alisema hivi: "Wazo ni la baba. Nilipokuwa na miaka tisa nilimshikia taa ndani ya khettara, mvua ikashuka huko juu, tope likapanda. Akaniambia usikanyage chini, tanua mikono, shika kuta. Tukatoka hivyo. Miguu ya Buibui nimeichora kutoka kwenye mikono yetu ya siku ile."

Nikamtafsiria na yangu. Nilimwambia jaji, "Anasema wazo ni langu. Anasema yeye alikuwa ananishikia taa."

Mzee aliacha kusuka. Medali ilikuwa juu ya jiwe la mlangoni, hakuna aliyeigusa. Halafu Itto akauliza swali moja tu.

"Na mimi nilikuwa nafanya nini, ukisema hayo?"

Hilo sikukuandikia, Lalla. Sikumwambia mtu, na ndilo linalonipitisha nyuma ya banda la punda. Mimi nikiongea mikono huongea pia, ni mazoea ya sokoni. Nilipofika kwenye taa niliinua mkono juu, hivi, kama mtu anayemulika. Itto Kiingereza hakukijua, lakini mkono ule aliujua. Akadhani nimefika kwenye habari ya babake.

Nikamwambia, "Ulimtazama jaji ukatabasamu. Ukaitikia kwa kichwa, ndiyo."