Karatasi za Karanga

Dubai, 4 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii.

Msimamizi wa tasnifu yangu anasema makala niliyoitegemea kwa sura nzima, ile ya mifereji ya kwetu, haipo popote. Anahisi nimeibuni, au kompyuta imenibunia. Ijumaa kamati inakaa. Nisipoionyesha nafukuzwa chuo, na ile kazi ya kufundisha Moshi ndiyo basi tena. Nitabaki hapa bohari nikibandika lebo huku wakinihimiza yalla, yalla, mpaka nizeeke.

Kosa ni langu. Niliandika "Wilbard, 2014" tu. Jina la jarida sikuandika, juzuu sikuandika, kurasa sikuandika, kwa sababu nilijua nakala ipo nyumbani kwenye sanduku la bluu. Naomba uitafute. Naogopa, mama, hata chakula hakipiti.

Mwanao,
Severina

Marangu, 6 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Mguu unaniuma kwa baridi tu.

Usinikasirikie. Ulipoondoka ulisema umemalizana na karatasi zile, nikampa jirani Hamida afungie karanga zake za kuuza. Nilipousoma ujumbe wako nilikwenda kwake na mguu huohuo. Zimebaki chache, zimelowa mafuta. Lakini ukurasa wa kwanza wa makala yako upo, ulikuwa chini kabisa ya bunda.

Mwandishi si Wilbard. Wilbard ni mtu aliyenukuliwa humo ndani. Aliyeandika ni Kondo, na mwaka ni 2004. Jarida, juzuu na kurasa vimeandikwa pale juu. Nimekupigia picha kwa simu usome mwenyewe, macho yangu usiyaamini.

Hata mimi naogopa. Kula, tafadhali.

Mama yako,
Emiliana

Dubai, 8 Februari 2025

Mama,

Shikamoo, na pole kwa kutembea. Picha ilipofika nililia chooni kazini. Maktaba waliipata makala kabla sijamaliza chai.

Jana kamati ilikaa, mimi nikiwa kwenye simu. Wamekubali kwamba makala ipo na kwamba nilinakili vibaya. Nikapumua.

Halafu msimamizi akaniuliza, kwa upole kabisa: "Na vyanzo vingine, Severina, uliviandika hivihivi?"

Nikakiri kwamba ndiyo. Wanakaa tena mwisho wa mwezi, na safari hii wanavitaka vyote. Mama, nenda kwa Hamida na mguu huohuo. Mwambie leo asiuze karanga.

Mwanao,
Severina