Kaa Upande Wako

Seoul, 9 Februari 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limetulia kwa baridi hii. Sisi hatujambo. Tumbo linakua, mtoto anapiga mateke kila nikilala chali, na Tae-jun anasema huyo ni mshambuliaji. Mkweo anakusalimu sana.

Naandika kwa sababu simu yako haishikwi tangu kampuni ya matairi itangaze kwamba inaihamisha timu yetu ya Korongo kutoka Songha kuja huku Seoul. Najua umeudhika. Hata mimi nililia niliposoma gazetini. Lakini baadaye nikakaa nikafikiri, nikaona huenda ni heri. Tangu niolewe nimekuwa nikiifuata Korongo redioni tu, kama mgonjwa. Sasa itacheza vituo viwili vya treni kutoka kwangu. Wachezaji ni wale wale, jezi ni ile ile ya kijani, nyimbo ni zile zile, na nusu yake umezitunga wewe.

Tumekata tiketi tatu za msimu mzima, na ya tatu ni yako. Chumba kipo, na mtoto atahitaji bibi. Si wewe uliyekuwa ukiniambia tangu nina meno ya utoto kwamba mume anaachika lakini timu haiachiki? Basi timu imehama, na sisi tuifuate.

Binti yako,
Mi-ran


Songha, 21 Februari 2004

Mwanangu Mi-ran,

Marahaba. Goti bado linauma, ila hasira inanisimamisha. Wewe kula vizuri, usinyanyue vizito, na uache vinywaji vya barafu mpaka ujifungue.

Simu siishiki makusudi. Nikifungua mdomo nitasema maneno ambayo mja mzito hafai kuyasikia. Kwenye barua angalau naweza kufuta.

Timu haikuhama, mwanangu. Imeibiwa. Mtu akija akang'oa mlango wa nyumba yako, akaupachika kwake, utakwenda kwake ubishe hodi useme umefika nyumbani? Kampuni ilitoa pesa, sikatai. Lakini siku ile tuliyofungwa sita kwa bila na mvua inanyesha, mwenyekiti wa kampuni aliondoka wakati wa mapumziko. Marehemu baba yako na mimi tulibaki mpaka filimbi ya mwisho, nawe mgongoni kwangu una homa. Timu ni ya waliobaki.

Jana tulikwenda uwanjani, mimi, Bwana Ma wa samaki na wenzetu wote wa jukwaa la kaskazini. Lango limefungwa kwa mnyororo. Nikaitua ngoma yangu pale pale nje, tukaimba mpaka polisi akaja. Kijana wa watu akatuuliza kwa adabu, "Mama zangu, mnamshangilia nani?" Nikamwambia akae asikilize, atajua. Msimu ukianza tutakwenda kila Jumamosi, mechi iwepo isiwepo.

Tiketi yangu mwambie mkwe wangu afutie vioo vya gari. Na hiyo ndoo ya kimchi niliyotuma, kabichi nimeichachusha kwa pilipili kidogo, ni kwa ajili ya mimba yako, usidhani tumepatana.

Mama yako


Seoul, 18 Juni 2004

Mama,

Shikamoo. Mimi na mtoto hatujambo. Maziwa yanatoka vizuri, nadhani ni ile supu ya mwani uliyoniletea. Tumemwita Da-in.

Nakushukuru kwa kuja hospitali. Lakini nina dukuduku, na nisipolisema litanioza ndani. Ulisafiri kutoka Songha, ukamshika mjukuu wako kwa dakika chache, kisha Tae-jun akaingia na jezi ya kijani, ukamrudisha mtoto mikononi mwangu kama mtu anayerudisha sahani. Hata chai hukuimaliza. Muuguzi akaniuliza kama yule ni mama wa kambo.

Mimi si mwizi, Mama. Niliolewa nikaja mji ambao sikumjua mtu. Siku ya kwanza nilipokwenda kwenye uwanja mpya, watu wakaanza wimbo wako ule wa "Songha hailali," ila wamebadilisha jina la mji. Nilisimama nikaimba huku machozi yananitoka, na jirani yangu wa kiti akanipa leso. Sasa huyo jirani ndiye rafiki yangu. Nyinyi mnaimba mbele ya lango lililofungwa na mnaona fahari. Mimi naimba pale wachezaji wetu walipo. Nani kati yetu ameiacha timu?

Siachi, hata ukininunia mpaka nizeeke.

Binti yako,
Mi-ran


Songha, 27 Novemba 2004

Mi-ran,

Hujambo? Mtoto je, ameota jino? Usimpe asali kabla ya kutimiza mwaka.

Hii ni kimchi ya mwaka huu. Kabichi zilikuwa nzuri, pilipili ilipanda bei. Nilitengeneza na wenzangu wa jukwaani, na kila mmoja alijua nusu inakwenda wapi. Mama mmoja akasema, "Unawalisha watani?" Nikamwambia namlisha mwanangu, watani watajilisha wenyewe.

Umeniuliza nani ameiacha timu. Sikiliza. Timu ya mtu iko pale kitovu chake kilipodondokea. Huyo Da-in alizaliwa Seoul, hana kosa, na sitamlaumu akivaa kijani. Wewe ulizaliwa kwenye chumba cha nyuma cha duka langu, na kelele za uwanjani zinaingia dirishani. Kwako wewe sina udhuru wa kuwapa watu.

Hata hivyo, siku atakapotimiza mwaka nitakuja. Bibi hakosi siku hiyo.

Mama yako


Seoul, 30 Mei 2005

Mama,

Sina hakika kama utaifungua barua hii. Shikamoo hata hivyo.

Sikujua kwamba Tae-jun ataweka ule mpira mdogo wa kijani kwenye meza ya sherehe ya mtoto. Tulikubaliana uzi, pesa, kitabu na kalamu kama watu wengine, mtoto achague cha kumtabiria maisha yake, tucheke, tule keki. Lakini na wewe, Mama, uliingia na kijiti cha ngoma kwenye mkoba ukakisogeza mbele ya mtoto wakati mama mkwe wangu anasali. Nilikuona. Wote wawili mlikuwa na hila, na mtoto wa mwaka mmoja mkamfanya refa.

Akaushika mpira. Angeweza kushika chochote, ndio maana ya mchezo wenyewe. Ukachukua kijiti chako, ukainama kwa adabu mbele ya wakwe zangu, ukaenda zako. Mama mkwe akaniuliza kama amekukosea, nikasema una treni ya kuwahi.

Nimekaa na aibu hiyo wiki nzima. Ukiwa tayari, niandikie. Mimi sitaandika tena mpaka uandike wewe.

Binti yako,
Mi-ran


Songha, 2 Desemba 2012

Mwanangu Mi-ran,

U hali gani? Mtoto je? Binti wa Bwana Ma alimwonyesha baba yake picha ya mtoto kwenye kompyuta, naye akaniambia ana kipaji cha uso kama changu, pole yake.

Miaka yote hii nimekutumia ndoo bila neno, nawe umenirudishia ndoo tupu iliyooshwa vizuri, bila neno. Wewe ni mwanangu kweli, kwa ukaidi hatujambo wote. Leo nimeanza mimi, kwa sababu nina habari, na sitaki uipate kwa mwingine.

Wiki iliyopita baraza la mji lilipiga kura. Tulijaa ukumbi mzima tumevaa rangi ya chungwa, maana kijani walichukua, na tulikubaliana hatuvai nguo iliyoibiwa hata tukirudishiwa. Diwani mmoja akasimama akasema mji wetu ni mdogo, timu ni anasa. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akasema, "Mama, huna ruhusa ya kuzungumza." Nikamwambia nilizungumza na lango lililofungwa miaka minane, yeye ananisikia vizuri zaidi. Watu wakapiga meza. Kura zikatosha.

Songha ina timu, Mi-ran. Inaitwa Songha ya Raia. Itaanza daraja la pili na itafungwa sana. Machi tutaingia kupitia lango lile lile, safari hii limefunguliwa, na ngoma ni yangu.

Sikualiki. Nakuarifu tu.

Mama yako


Seoul, 20 Machi 2017

Mama mpendwa,

Shikamoo. Da-in ameanza sekondari, anasoma vizuri na anabishana vizuri zaidi. Tae-jun mgongo unamsumbua. Hizi barua mbili tatu za kila mwaka zimenipa afya, lakini bado hujakanyaga tena kwangu.

Umeshasikia droo ya kombe. Songha ya Raia dhidi ya Korongo, Aprili, huku kwetu. Mtaani hakuna wanachozungumza kingine. Vijana wa jukwaa letu wametunga wimbo wa kuwaita nyinyi wauza samaki.

Binti wa Bwana Ma ameniambia daktari amekukataza kubeba ngoma. Moyo, kasema. Wewe hukuniandikia hata mstari mmoja juu ya moyo wako, umejaza ukurasa mzima habari za beki wa kushoto.

Mama, nimeamua. Siku ile nitakaa nawe, upande wa wageni. Nimeshanunua skafu ya chungwa. Da-in atakaa na baba yake kwenye kijani. Nimechoka kukuona kwa mbali. Nitakushikia ngoma, wewe upige tu. Ulisema kitovu changu kiko Songha, na kweli kiko. Niruhusu nirudi.

Binti yako,
Mi-ran


Songha, 1 Aprili 2017

Mi-ran wangu,

Sijambo, na moyo wangu haujambo kuliko midomo ya watoto wa Bwana Ma. Ngoma itabebwa na wengine. Kupiga napiga mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nimelia, nimeiweka chini ya mto. Sasa jibu langu: usije.

Miaka kumi na tatu umeimba na watu wale. Yule aliyekupa leso, bado mnakaa viti jirani? Utamwambia nini? Kwamba siku timu yake inacheza na mama yako, wewe hukuwepo? Watu wa namna hiyo tunawajua. Mwaka ule Korongo ilipochukuliwa, walikuwepo waliosema "tutaona mambo yatakavyokwenda," na tulipopata timu wakarudi wamevaa chungwa jipya linang'aa. Niliwakataza ngoma yangu wasiiguse. Nikikukaribisha wewe kwa sababu nimekuzaa, nitawatazama vipi?

Na huyo Da-in atakuwa anakutazama kutoka ng'ambo. Atajifunza kwamba mama yake akibanwa anavuka. Mimi sikukufundisha hivyo. Nilikasirika ulipokwenda kijani, na bado sijakusamehe yote, sitaki nikudanganye. Lakini ulikwenda hadharani, ukaniandikia kwamba huachi, na hukuacha. Hilo nimeliheshimu tangu siku ile, ila sikulisema kwa sababu nilikuwa na hasira.

Skafu mpe mtu mwenye shida ya baridi. Kaa upande wako, pembeni ya mwanao. Uimbe kwa nguvu zako zote, na hata huo wimbo wa wauza samaki uimbe. Ukinionea huruma uwanjani nitajua. Na ukija upande wangu nitakurudisha mbele ya watu.

Mama yako


Songha, 23 Aprili 2017

Mwanangu Mi-ran,

Hamjambo? Mimi nimechoka lakini nimelala vizuri.

Mlitufunga mbili. La pili mfungaji aliotea, dunia nzima iliona isipokuwa mshika kibendera, lakini yameshapita. Hatukutoka mpaka filimbi, na baada ya filimbi tuliendelea kuimba hadi wafagiaji wakaanza kutuomba tuwaonee huruma.

Nilikutafuta tangu timu zinaingia. Macho yangu si mazuri, nikaazima miwani ya Bwana Ma. Nikakuona jukwaani nyuma ya goli, mtoto kando yako, mmeshikana mabega na watu. Mlikuwa mnatuimbia tukauze samaki. Mdomo wako ulikuwa wazi mpaka mwisho na mishipa ya shingo imekutoka. Bwana Ma, ambaye kweli anauza samaki, akakasirika. Akaniambia, "Mama Mi-ran, yule si binti yako anayetutukana?"

Nikamwambia ndiye. Nikamwambia anyamaze kidogo, nataka kumsikia.

Jumapili ijayo naja kwenu kula. Nitakaa mezani na skafu yangu ya chungwa, na nyinyi vaeni kijani chenu wote watatu, nisimkute mtu amejificha.

Mama yako