Sauti Yako Haikutoka Shanwe

Baba Neema wangu,

Kompyuta yako imekufa. Naanza na hilo maana ulikuwa hupendi mtu wa kuzungukazunguka. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ikanuka kuungua, basi. Fundi wa hapa Shanwe kafungua diski, kaangalia, kafunga. "Mama, humu hakuna kitu tena."

Unakumbuka ulivyoitengeneza ile tovuti? Ulijifundisha mwenyewe kutoka kile kitabu kilichong'oka jalada, mimi pembeni nachambua maharage ya Mishamo, wewe unaandika tagi, yale maneno ya kuiamuru kompyuta, huku ulimi umeutoa nje. Jina la mdogo wako Yohana ulilifanya liwake na kuzima, liwake na kuzima, mpaka nikakwambia linaniumiza macho. Ukacheka. "Mama Neema, kwani wewe ndiye unayetafutwa?"

Yohana aliondoka Mishamo, kule kwenye makazi yenu ya wakimbizi, na baiskeli, mkiwa mmegombana, asirudi. Na kwa kuwa hajui kusoma, maandishi peke yake hayakukutosha. Ukajirekodi. Ukurasa ukifunguka tu, sauti yako inaanza yenyewe: "Yohana, ngwino i muhira." Rudi nyumbani, kwa Kirundi kile cha mama yenu. "Hata akiwa amekaa tu jirani na mwenye kompyuta," ulisema, "atajua ni mimi."

Tangu tukuzike, kila asubuhi kabla ya kufungua duka nilikuwa nakufungua wewe kwenye kompyuta ileile. Nanywa chai, unamwita mdogo wako. Nilikuwa najiambia, mume wangu hayupo ila bado anaita, na dunia nzima inamsikia. Faraja yangu ilikuwa hiyo, sikuwa na nyingine.

Sasa ilipokufa, nikamwomba Neema, binti yako, ambaye siku hizi anafanya hizihizi kazi za tovuti, afungue kwenye simu yake. Ukurasa upo. Jina la Yohana limetulia tuli, haliwaki wala halizimi. Maandishi madogo kama mbegu za mchicha. Na kimya! Neema akanieleza kwamba tagi ulizotumia zimeshaachwa, viwango vimebadilika, na brauza za sasa, hizo programu za kufungulia tovuti, zikikuta tagi zisiyoijua hazigombi wala hazikwambii, zinaipita tu. Nikamwambia basi mwanangu weka tagi mpya, baba yako aongee. Akasema, "Mbona hiyo kazi ndogo, Mama." Nikafurahi, mjinga mimi, nikaenda kumkaangia mihogo.

Niliporudi nilimkuta analia.

Sauti hukuipandisha mtandaoni, Baba Neema. Tagi uliiandika vizuri, ila pale pa kuonyesha sauti iko wapi, ulionyesha ndani ya diski ya kompyuta yako mwenyewe. Ileile iliyoungua. Ndiyo maana humu chumbani ilisikika miaka yote. Nje ya chumba hiki haijawahi kusikika hata mara moja. Jamani, wewe nawe! Kitabu kizima umesoma, hilo likakupita.

Nimekukasirikia siku nzima, halafu nimekumbuka maneno yako ya kitandani, na hasira yote imeniisha. Ulisema, "Kama amesikia na hajaja, basi hajanisamehe." Ukageukia ukutani. Umekwenda nayo hiyo kaburini.

Neema anataka nijirekodi mimi. Nimejaribu. Mimi Mpimbwe, Kirundi changu cha kuokoteza, na Yohana sauti yangu ataijulia wapi? Nimeita, nikajisikiliza, nikamwambia afute.

Yohana hakukukatalia, mume wangu. Hakuitwa. Hilo tu ndilo nililotaka ulijue, na hakuna mahali popote ninapoweza kuliweka ukalisikia.

Pumzika kama unaweza.

Mkeo,
Mama Neema