Mrumi Wako Ananichelewesha, Baba

Mpendwa Baba,

Yule dereva aliyekugonga na kukuua kwenye barabara kuu pale Webuye anakuja leo. Anakuja hapa nyumbani Kabuchai pamoja na wajomba zake, kuomba msamaha, na Mama amekubali kumpokea. Wafula, kifungua mimba wako, ameshinda kimya tangu asubuhi. Unamjua. Akinyamaza hivyo, watu huwaondoa watoto uani.

Nimejifungia chumbani mwako nikuandikie, maana nimekumbuka ule mwaka ng'ombe wetu alipoibwa tukiishi Kitale. Nyayo ziliishia mlangoni kwa jirani yetu Barasa. Kabla hata chai haijaiva, vijana walikuwa wamejaa kwetu, Wafula mbele na panga, mwenzake ameshika galoni ya petroli. Nilijua wanakwenda kumchoma mtu.

Ulitoka na vifungo vya shati wazi. Wala hukumtetea Barasa. Ulisema tu, "Sawa, tutaenda. Lakini sheria ya hapa kwangu mnaijua. Mwenye hasira anapukuchua mahindi kwanza."

"Mzee, si saa hii bana! Ati mahindi?" Wafula alifoka.

"Saa hii. Kila mtu debe lake, na kwa mkono."

Wote uliwafundisha darasani, wakakaa wakinung'unika. Sheria hiyo uliitoa kwa Mrumi wako wa kale, uliyekutana naye kwenye vitabu vya seminari kabla hujaacha mambo ya upadri ukamwoa Mama. Mwanafalsafa na mtu wa serikali, mshauri wa mfalme katili, aliyeamini kwamba hasira ikicheleweshwa huishiwa nguvu. Mama alizoea kukutania, "Huyo Mrumi wako alilima wapi?" Siku ile hakutania. Alikuwa akiwaletea magunia zaidi ya kukalia.

Jua likapanda, vidole gumba vikawauma, vijana wakaanza kukumbuka kazi zao. Aliyebaki mwisho ni Wafula, akilia bila sauti juu ya debe lake.

Ng'ombe hakupatikana. Kama Barasa aliiba au hakuiba, hatujui mpaka leo. Nilikuuliza kama huogopi kwamba uliokoa mwizi. Ukanijibu, "Mwizi naweza kumshtaki hata mwaka ujao. Maiti nitaiambia nini?"

Wamefika, Baba. Namwona dereva kupitia dirisha. Ni mdogo kuliko nilivyomfikiria, ameshika kofia kwa mikono miwili. Wafula ameinuka kumwendea. Nilisimama nipige kelele, lakini amempa mkono, kisha akamletea kiti. Kiti chako, Baba! Amemketisha kwenye kiti chako.

Kumbe muda wote huu nilikuwa nikimchunga Wafula bure. Mwenye hasira ni mimi. Nataka nitoke nimnyang'anye hicho kiti, nimtemee mate mbele ya wajomba zake, nimuulize kwa nini hakusimama ulipolala pale chini. Namchukia. Sijawahi kumchukia mtu hivi.

Mama ananiita. "Njoo basi, mwanangu, wageni wako hapa."

Ameita tena, na sauti yake imeanza kuwa na wasiwasi. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo la mlango, nimeurudisha. Nitatoka, Baba. Lakini si sasa.

Pumzika salama,

Binti yako