Nusu ya Pili ya Kitabu

Alhamisi, kiangazi. Vumbi na joto, na upepo wa ziwani haujafika mjini tangu asubuhi.

Leo nimepewa cheti.

Kimekuja kwa posta, bahasha imekunjwa katikati, lakini jina langu lipo na limeandikwa vizuri. Nimefaulu mtihani wa uhasibu na fedha za hoteli. Mkurugenzi amenipa mkono mbele ya wafanyakazi wote, wapishi wamepiga makofi, nimefunguliwa soda. Mwezi ujao natoka kaunta ya mapokezi, naingia ofisini, mhasibu msaidizi. Mama amekwisha kutangaza mtaa wetu mzima wa Buyenzi. Kuna jirani ambaye hata jina lake silijui amenikumbatia barabarani.

Na mimi nimekimbilia hapa cyber, nimechagua mashine ya pembeni, nimeuvuta ushungi mpaka kwenye nyusi kama mwizi.

Najua hakuna anayesoma ukurasa huu wangu wa mtandaoni. Ndiyo maana nauandika.

Tulijiandikisha wawili, mimi na Deo, mwenzangu wa mapokezi. Masomo yalikuwa kwa njia ya posta, na vitabu vilitumwa viwili, kikafika kimoja. Kingine sijui nani anakikalia njiani. Tukamwomba baba yangu, fundi magari, atukatie kile kimoja katikati. Alicheka sana. Kisha akachukua kisu anachokatia gasketi, akakipasua kwenye mgongo, akakishonea kila kipande jalada la karatasi ileile ya gasketi. Mpaka leo kitabu chetu cha hoteli za kifahari kinanuka oili.

Nusu ya kwanza ilikuwa ya vyumba na wageni, ya pili ya bajeti na gharama za jikoni. Kila Jumamosi Deo alitembea kwa miguu kutoka kwao Gasenyi, tukabadilishana nusu, akanywa chai ya mama, akarudi. Miezi minane hakukosa. Barabara ikifungwa kwa mapigano, alikuja Jumapili na kuomba radhi utadhani ni yeye aliyeifunga.

Kitabu kina maswali yake ya ajabu. Mahali fulani kinauliza hoteli ifanye nini wageni wakipungua baada ya sikukuu. Deo aliandika pembeni kwa penseli: "Na risasi zikizidi baada ya chakula cha mchana?" Nilicheka nikiwa peke yangu kaunta, mgeni akanishangaa.

Sasa nifike pale ninapopazungukazunguka.

Ilikuwa Jumamosi, zimebaki wiki mbili mtihani ufike. Nafasi ya ofisini ilikuwa moja, mkurugenzi alishatuambia. Na Deo ni mwepesi wa hesabu kuliko mimi, hilo sibishani nalo. Alikuja na nusu ya kwanza, akanikabidhi. Ilikuwa zamu yangu kumpa ya pili.

"Ile kitabu nimeisahau ku bureau," nikamwambia.

Haikuwa kazini. Ilikuwa chumbani, chini ya mto wangu, hatua kumi kutoka alipokaa na kikombe chake. Nilitaka siku mbili tu. Siku mbili niwe na kitabu kizima.

Mama yake na wadogo zake walikuwa wanahama jioni ileile kwenda kwa mjomba wao, kwa sababu milio ya risasi ilishakaribia kwao. Naye alikuwa aende nao. Akakiweka kikombe chini.

"Apana shida, dada," akasema. "Mama na watoto waende tu. Mi nitabaki mpaka lundi, niichukue ku kazi, ndio niwafate."

Ningeweza kusimama. Ningeingia chumbani, nikatoka, nikasema lo, kumbe ipo. Badala yake nilimwongezea sukari.

Jumapili Gasenyi ikashambuliwa. Jumatatu, hiyo lundi yake, Deo hakuja kazini, wala Jumanne. Waliokimbia walisema nyumba yao imeungua. Yeye hakuna aliyemwona.

Mtihani niliufanya. Swali la kwanza lilikuwa la gharama za jikoni, nusu ya pili, na nililijibu lote. Nakumbuka nilivyofurahi pale kwenye dawati kabla sijamkumbuka. Najichukia kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Miezi mitatu watu wamenipa pole. Nililia kweli, sikuigiza. Lakini kuna siku mlango wa hoteli ulifunguliwa, nikadhani ni yeye, na kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa hofu.

Leo baada ya makofi, Mama Kevine anayesimamia ufuaji wa mashuka akanivuta kando. Jana alikwenda kumwona dada yake kwenye kambi ya watu waliokimbia makwao, katika uwanja wa parokia nje ya mji. Amemkuta Deo. Mguu umevunjika, wameufunga na vijiti, lakini yu hai, na anawakagulia wagawaji wa maharage ya msaada hesabu zao mpaka wamemchoka. Amenitumia ujumbe.

"Amesema hivi: 'Umuambie Zaina asiache ile kitabu ku kazi, watu wataiiba. Mi nitakuja kuichukua muguu ikipona.'"

Nimelia pale pale kwenye kapu la mashuka. Mama Kevine akadhani ni furaha, na furaha ilikuwemo pia.

Miezi mitatu amelala chini na mguu ule, na anahofia kitabu kisiibiwe kazini. Aliniamini vile, na bado ananiamini.

Dakika zangu hapa zinakwisha. Mwakani kuna mtihani mwingine. Naweza kumpa Mama Kevine nusu zote mbili azipeleke, pamoja na salamu na sukari, na Deo asijue milele. Nimeliwaza hilo njia nzima kuja hapa. Lingekuwa jambo rahisi kabisa.

Kesho nina zamu ya mchana. Asubuhi Mama Kevine anarudi kwa dada yake, nami nimemwomba tufuatane. Nusu zote mbili nimeshazitia kwenye mfuko. Cheti nitakiacha nyumbani. Najijua, nikifika nitaanza na pole, na habari za mama, na kuuliza mguu, mpaka muda uishe. Kwa hiyo nayaandika hapa maneno ya kwanza, ili nisiyabadilishe.

Deo, kitabu hakikuwa kazini.